Kati ya Saa Nne na Saa Tisa

Bikari iliyomjeruhi mwanafunzi wangu mwaka 2013 ililetwa shuleni kwa agizo langu mwenyewe. Nilikuwa nafundisha Hisabati katika shule ya sekondari ya kata upande wa Mbagala, Dar es Salaam, na siku moja kabla nilikuwa nimewatangazia kidato cha pili kwamba asiye na mkebe kamili asihangaike kuingia kwenye kipindi changu, kwa kuwa tulikuwa tunaanza kuchora pembe. Kipindi kilikuwa mara tu baada ya mapumziko. Nilipita kati ya madawati nikisahihisha, na kijana aliyekuja kuitumia bikari ile kama kisu mchana huohuo alikuwa amechora pembe yake ya nyuzi 60 vizuri kuliko wengi wa wenzake. Nilimwekea alama ya vema kwa kalamu nyekundu nikapita.

Nilikuwa pia mwalimu wa nidhamu, kazi niliyoishika kwa miaka saba, na hadi siku ile niliamini kwamba naijua. Nilikuwa na sifa. Wazazi walinitafuta wakisema, "Mwalimu, huyu nakuachia wewe," na vijana walionitangulia njiani walikuwa wakinyamaza wakisikia sauti ya viatu vyangu. Nilidhani ukimya ule ndio amani.

Vijana wenyewe nitawaita Mrefu na Mfupi. Wote walikuwa na miaka 15. Kwenye mapumziko ya saa nne, wanafunzi wakiwa wamejazana kwa mama anayeuza mihogo ya kukaanga ndani ya uzio wa shule, Mrefu alimsukuma Mfupi, au Mfupi alisukumwa na msongamano akamgonga Mrefu mgongoni. Hadi leo sijapata jibu moja. Kilicho hakika ni kwamba mihogo ilianguka mchangani, kachumbari ikamwagikia viatu, na watu wakacheka. Wakashikana mashati. Mwalimu wa zamu aliwaleta ofisini kwangu, wakifuatwa na kundi ambalo halikuwa na shughuli nyingine zaidi ya kuona mwisho wake.

Nilifanya kama nilivyozoea. Kanuni za adhabu ya viboko zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu maalumu. Barua ya idhini nilikuwa nayo, viboko nilivihesabu, na kitabu nilikiandika, kwa hiyo mtu asije akadhani kwamba nasimulia habari ya mwalimu aliyevunja kanuni. Kila mmoja alipata vitatu, pale barazani, mbele ya macho yote yale, kisha nikawaamuru wapeane mikono. Wakapeana. Niliandika mstari mmoja: "Kupigana. Viboko 3 kila mmoja. Wamesuluhishwa." Kengele ilipolia nilichukua bikari yangu kubwa ya mbao nikaenda darasani moyo ukiwa mweupe.

Anayekijua kituo cha daladala karibu na shule za pembezoni mwa jiji saa tisa mchana hahitaji kuelezwa sana. Mwanafunzi hulipa nusu ya nauli au chini yake, na kwa sababu hiyo makonda humwona kama mzigo unaokalia kiti cha mtu mwingine. Gari hupunguza mwendo, konda hutazama sare, kisha hupiga bodi na gari huondoka. Mamia ya watoto husimama hapo saa nzima, wakiwa na njaa na jua la utosini, bila mtu mzima hata mmoja anayewahusu. Kwetu shuleni mipaka ya kazi iliishia getini, na hatukuwahi kujiuliza kwa nini karibu kila ugomvi uliozaa damu ulikuwa umetokea hatua 200 tu nje ya mpaka huo.

Mtoto wa kidato cha kwanza ndiye aliyekuja mbio ofisini. "Mwalimu, wanauana huko kituoni!" Nilipofika, Mrefu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro, mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa tai ya shule iliyokwisha kulowa, na chini ya sikio kulikuwa na tundu dogo lililotoa damu polepole. Mwenzake mmoja alikuwa amemshika mabega asianguke. Mfupi hakukimbia. Alikuwa amesimama hatua kama kumi kutoka hapo, bikari bado mkononi, na kwenye bikari ile penseli ilikuwa bado imebanwa mahali pake, ikiwa na ncha niliyowaamuru waichonge vizuri.

Tulimpakia Mrefu kwenye bajaji, mimi upande mmoja na yule mwenzake upande mwingine, tukapitia kwanza kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kumruhusu majeruhi atibiwe, kisha hospitali. Tundu la shingoni halikugusa mshipa. Kiganja ndicho kilichoharibika, kwa kuwa alikuwa ameinua mkono kujikinga: kano za kidole cha mwisho na cha pete zilikatika.

Wiki iliyofuata nilimwita msichana mmoja wa darasa lile, kiranja, mtoto makini asiye na maneno mengi, nikamuuliza ni lini walijua kwamba wale wawili wangepigana.

"Tangu saa nne, mwalimu."

"Saa nne ipi?"

"Ya siku ileile. Ulipomaliza kuwachapa."

"Darasa zima?"

"Na kidato cha tatu pia."

Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyekuja kuniambia. Alitazama sakafu, akasema kwa adabu kabisa, "Hukutuuliza, mwalimu. Halafu ungewachapa tena."

Kwa msaada wake, na wa wengine niliozungumza nao mmoja mmoja, niliweza kuzipanga zile saa tano. Baada ya kipindi changu, Mfupi aliletewa habari kwamba Mrefu amesema akale viporo vya mama yake, kwani mama yake alikuwa mama lishe jirani na soko, na hilo ni neno ambalo mtoto wa mama lishe halimezi kwa urahisi. Wakati huohuo Mrefu aliletewa habari kwamba Mfupi amewatumia ujumbe kaka zake wa maskani na kwamba wanamsubiri kituoni. Hakuna aliyekuwa amesema maneno hayo. Kulikuwa na watu wa kati waliokuwa wakipeleka huku na kurudisha kule, wakimjaza huyu upepo na yule upepo, wengine kwa ubaya, wengine kwa kutaka tu siku iishe na jambo la kusimulia. Kufikia saa nane habari ilikuwa imekomaa kiasi kwamba wenyewe wawili hawakuwa tena na uwezo wa kuifuta.

Mfupi nilimkuta mahabusu ya watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 ahukumiwe kifungo cha jela, na kwa hilo nilishukuru, maana kijana niliyemkuta kwenye benchi alikuwa amekonda na anauliza kama mtihani wa kidato cha pili umeshapangwa tarehe. Aliniamkia, nikaitikia, nikamuuliza alikuwa akifikiria nini.

"Mimi sikutaka kupigana, mwalimu. Nilipanga nipite njia ya nyuma, ya makaburini."

"Mbona hukupita?"

"Walinisindikiza."

Miezi michache baadaye Mrefu alinipa jibu lilelile kwa neno lilelile: naye alitaka kubaki darasani hadi watu waishe, lakini rafiki zake walimsindikiza. Nimelifikiria sana neno hili. Kwetu kumsindikiza mtu ni wema, ni kumtoa mgeni hadi njiani asiende peke yake. Vijana wale wawili walitolewa hivyo, kwa heshima zote, hadi mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyetaka kufika.

Kisha Mfupi alisema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kwamba nilipowachapa, Mrefu alisimama wima na yeye alijikunja. Darasani, nilipogeuka kuandika ubaoni, kuna waliokuwa wakiigiza jinsi alivyojikunja, na wengine wakicheka chini ya madawati. Ina maana kwamba viboko nilivyodhani vimeufunga ugomvi wa mihogo vilikuwa vimefungua ugomvi wa pili, mkubwa zaidi, na vikampa kila mtu aliyekuwa barazani matokeo ya raundi ya kwanza. Mihogo ingesahaulika. Kujikunja hakusahauliki kwa kijana wa miaka 15.

Wakati huo sikuwa na maelezo ya kitaalamu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima matokeo na kuzuia msukumo, huendelea kukomaa hadi mtu anapofikia miaka ya ishirini na kitu, na kwamba mwaka 2005 wanasaikolojia wa Marekani Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu wa rika mbalimbali mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakiwa peke yao na wengine wakitazamwa na wenzao. Vijana wa balehe walichukua hatari kubwa zaidi walipotazamwa, ilhali watu wazima karibu hawakubadilika. Nilipoisoma habari hiyo niliona baraza ya ofisi yangu. Mimi nilikuwa nikiwakusanyia watazamaji.

Kuna takwimu nyingine ambayo niliisikia semina, nikaikataa kwanza moyoni. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Mwenzangu mmoja alininong'oneza, "Sisi tulichapwa, mbona tumekuwa watu?" Nilicheka naye. Leo ningemjibu kwamba tulio kwenye semina ni wale tuliokuwa watu. Wale ambao hawakuwa hawakualikwa. Na mwaka 2018, mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alipofariki baada ya kupigwa na mwalimu, tukakaa ofisini tukitazamana, sikusikia tena mtu akilirudia neno lile.

Mama yake Mfupi alinieleza mengine nilipomtembelea kwenye banda lake. Alikuwa anakuna nazi, hakusimamisha mkono. Alisema baba wa kambo haongei na mtoto ila kwa mkanda, na kwamba tangu mwaka uliopita kijana alikuwa analala geto kwa mpwa wake. "Hata mimi namchapa, mwalimu, sikufichi. Ila naona sasa nikimchapa ananiangalia tu." Mimi nilikuwa nimeuona utazamaji ule mara nyingi barazani, nikauita ujeuri.

Januari 2015, uvumi wa Panya Road, kundi la vijana wahalifu, ulipoitikisa Dar es Salaam hadi watu wakafunga maduka mapema na abiria wakashuka kwenye daladala na kukimbia, polisi walifanya msako na kukamata mamia ya vijana kutoka vijiweni. Mji ulipumua. Lakini sisi walimu tulipokuwa tukisoma magazeti hatukuona wageni. Tuliona rika lililokuwa limekaa kwenye madawati yetu miaka miwili mitatu nyuma, kisha likasimamishwa masomo, kisha likaacha kurudi. Barua kadhaa za kusimamisha masomo zilikuwa na saini yangu. Kundi hilo lilipotajwa tena mwaka 2022, nilikuwa nimekwisha kuiacha kazi ya nidhamu, lakini nilijikuta nikihesabu miaka na kuwaza madarasa.

Tulichobadilisha shuleni hakikuwa kikubwa, na sehemu yake kilianza kwa kuona haya tu. Mkuu wetu mpya alikubali kwamba ugomvi wowote wa mapumziko usiamuliwe mbele ya watu. Kila mmoja alipelekwa kwa mwalimu tofauti, mlango ukafungwa, na hakuna aliyeulizwa "nani kaanza". Waliulizwa nani alikuwepo, na watu wanasema nini sasa. Swali hili la pili ndilo lililokuwa na kazi. Hawakurudishwa darasani pamoja, na saa tisa mmoja aliondoka mapema huku mwingine akibakizwa maktaba mpaka kituo kitulie. Nikagundua kwamba kijana ukimpa sababu ya kutofika mahali, sababu inayotoka kwa mwalimu, anaipokea kwa unafuu ambao hawezi kuuficha. "Mwalimu kanizuia" ni jibu asiloweza kuchekwa nalo.

Jingine ni kwamba walimu wawili walianza kusimama kituoni kila siku kwa zamu. Mwanzoni nilikwenda kama askari. Baada ya wiki mbili nilikuwa nazungumza na makonda, nikiwaomba wachukue wanafunzi kumi kumi kwa kila gari, na waendesha bodaboda wa pale wakawa macho yetu, kwa sababu wao walikuwa wamejua siku zote ni wapi vijana hupeana miadi. Ilipofika mwezi wa tatu mkusanyiko wa saa tisa ulikuwa umepungua nusu, si kwa mafundisho ya maadili, bali kwa kupata usafiri.

Nilijaribu pia zoezi moja nililolisoma kutoka kwenye programu ya Becoming a Man, iliyoanzishwa Chicago mwaka 2001 na shirika la Youth Guidance. Vijana huwekwa wawili wawili, mmoja hushika kitu kwenye ngumi, na mwenzake hupewa sekunde 30 akipate. Mimi nilitumia vipande vya chaki. Madawati mawili yalianguka, kifungo cha shati kikaruka, vidole vikapindwa, na hakuna hata mvulana mmoja aliyemwambia mwenzake, "Naomba chaki." Nilipowauliza kwa nini, darasa lilinyamaza kidogo, kisha mmoja akasema, "Ningeomba angenicheka." Mwingine akadakia, "Mimi hata angeniomba nisingempa." Kitabu nilichosoma kilisema kwamba hapo vijana hugundua kuwa wangepewa. Wangu waligundua kwamba kuomba kunagharimu, na tukatumia vipindi vitatu kuizungumzia gharama hiyo. Nadhani zoezi letu lilikuwa bora zaidi kwa kutokufaulu. Watafiti walioipima programu ile ya Chicago walikuta kwamba vijana walioshiriki baada ya kuchaguliwa kwa bahati nasibu walikamatwa kwa makosa ya ukatili pungufu kwa karibu nusu wakati programu inaendelea, lakini upungufu huo haukudumu baada ya programu kumalizika. Matokeo haya ya pili nayaamini zaidi kuliko ya kwanza, kwa sababu ndivyo nilivyoona hata kwetu: mwaka ambao walimu wawili walihamishwa na zamu ya kituoni ikafa, damu ilirudi.

Sikufanikiwa kwa wasichana kama nilivyofanikiwa kwa wavulana. Ugomvi wao ulizaliwa kwenye simu, usiku, na kufika shuleni ukiwa umeshaiva, na aliyeweza kuufikia alikuwa mwalimu mlezi wa kike ambaye waliongea naye wakimsaidia kubeba madaftari. Nilichoweza kufanya ni kumpunguzia vipindi ili awe na muda wa kubebewa madaftari hayo.

Wazee wetu walikuwa na utani. Mngoni na Mhehe, waliowahi kuuana vitani, hutukanana hadi msibani na hakuna anayeinua mkono, kwa kuwa kila mmoja anajua neno lile ni la utani na mipaka yake iko wapi. Watoto wa Mbagala wanatokea makabila yote na wamerithi ulimi wa utani bila kurithi mipaka yake. Niliwahi kuwauliza kidato cha kwanza waniandikie ni neno gani likisemwa juu yao ugomvi hauepukiki. Karibu wote waliandika habari ya mama.

Mwaka jana nilikutana na Mrefu Kariakoo, ana duka dogo la vipuri vya pikipiki. Aliniamkia, akanipa mkono wa kushoto, kisha haraka akaona jinsi lilivyo jambo lisilo la adabu kwa mkubwa. "Samahani, mwalimu. Huu wa kulia haukunji." Tukakaa kwenye makasha ya vipuri, akaagiza soda. Kesi ile iliishia kwa wazazi kuelewana, na Mfupi, baada ya kuhamishiwa shule nyingine, alimaliza kidato cha nne; wao wawili husalimiana.

Nilimuuliza kama anakumbuka nani alimletea habari ya kaka za maskani siku ile. Alitaja jina bila kufikiri. Alikuwa yule mwenzake aliyemshika mabega pale mtaroni, aliyepanda nasi bajaji hadi hospitali, akalia njia nzima. Nina kile kitabu cha adhabu hadi leo, kwa kuwa shule ilikitupa nikakiokota. Nilipofika nyumbani nilikipekua ukurasa kwa ukurasa, kuanzia Januari hadi Desemba. Jina lake halimo.